Taji la Toronto: Haki ya Mshindi au Majeraha ya Mshindwa?

SHABIKI: Nasema bila kuficha: mwaka 2019 ubingwa wa NBA haukuchukuliwa na timu bora. Toronto Raptors waliwafunga Golden State Warriors michezo 4 kwa 2, wakanyanyua kombe, na hilo silibishi. Ninachobisha ni kuambiwa kwamba walilistahili kama bingwa mwingine yeyote. Kevin Durant alicheza dakika 12 tu katika fainali nzima. Klay Thompson alikosa mchezo wa tatu, na katika mchezo wa sita alitoka robo ya tatu akiwa amechanika ligamenti ya goti. Iondolee timu yoyote duniani watu wawili wa kiwango hicho, halafu niambie umemshinda nani.

KOCHA: Umemshinda aliyeingia uwanjani, kijana wangu. Ubingwa haugawiwi Oktoba kwa kusoma majina kwenye karatasi. Hutafutwa kwa kushinda michezo 16 katika raundi nne, na mwezi wa Juni ndipo hujulikana nani kafika. Na timu unayoisikitikia bado ilikuwa na Stephen Curry, Draymond Green na Andre Iguodala, na Thompson aliingia uwanjani katika michezo mitano kati ya sita. Hao ndio waliotwaa ubingwa mwaka 2015 kabla Durant hajafika. Hao ndio walioshinda michezo 73 msimu wa 2015-16, rekodi ambayo haijavunjwa. Timu hiyo haikuwa yatima.

SHABIKI: Ilikuwa timu ileile kwa majina, si kwa miili. Kufikia 2019 walikuwa kwenye fainali ya tano mfululizo. Iguodala alikuwa na miaka 35. DeMarcus Cousins alirudi fainali akitoka kwenye jeraha la paja alilolipata raundi ya kwanza. Kevon Looney aliumia mchezo wa pili, akakosa wa tatu. Katika mchezo huo wa tatu Curry alifunga pointi 47 na bado wakapoteza, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumpasia. Kocha, wewe mwenyewe unajua kwamba mtu mmoja hawezi kukokota timu dhidi ya watano wanaomkaba yeye peke yake.

KOCHA: Najua. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Toronto walishinda michezo minne. Wa kwanza, 118 kwa 109, Thompson alikuwa mzima, na Pascal Siakam akafunga pointi 32 kwa kuingiza mitupo 14 kati ya 17. Wa nne, 105 kwa 92, Thompson alikuwa amerudi na akafunga pointi 28, mbele ya mashabiki wake Oakland. Wa sita alicheza hadi robo ya tatu ilipokaribia kuisha na akafunga 30. Kwa hiyo ni ushindi mmoja tu, ule wa mchezo wa tatu, ambao Toronto waliupata bila kumwona Thompson kabisa. Hoja yako ya Thompson imebaki na mguu mmoja.

SHABIKI: Na hoja ya Durant? Yote minne waliishinda bila yeye.

KOCHA: Durant aliumia tarehe 8 Mei, mchezo wa tano dhidi ya Houston. Warriors wakaumaliza mchezo ule kwa ushindi. Wakaenda Houston, wakashinda na kuwatoa. Kisha wakawafunga Portland 4 kwa 0. Michezo mitano mizima bila Durant, yote wakashinda. Siku zile sikusikia mtu akisema Warriors ni timu nusu. Niliwasikia mashabiki wakisema mpira sasa unatembea vizuri zaidi, kwamba Curry amepata nafasi ya kupumua. Hoja iliyozaliwa baada ya kufungwa inanitia shaka.

SHABIKI: Haikuzaliwa baada ya kufungwa, ilikuwepo kwa yeyote aliyetazama kwa makini. Portland hawakuwa na Jusuf Nurkić, aliyevunjika mguu mwezi Machi. Hata hivyo, katika mfululizo ule Warriors walitoka nyuma kwa pointi zaidi ya 15 katika michezo mitatu kati ya minne. Ushindi ulikuwepo, lakini ulitoka kwa kukamuliwa. Curry na Thompson walikuwa wanacheza kwa akiba ya mwisho, na akiba ile iliisha wakati wa Toronto.

DAKTARI: Niruhusuni niingie hapo. Mnazungumza juu ya majeraha kana kwamba yalidondoka tu kutoka angani, huyu yakampata, yule yakamkosa. Mimi ninayetibu wachezaji siwezi kuyaona hivyo. Jeraha lina historia. Durant aliumia kwanza shavu la mguu wa kulia. Misuli ya shavu la mguu inaishia kwenye kano ya kisigino. Alikaa nje kama mwezi mmoja, akarudi tarehe 10 Juni wakati timu yake iko nyuma 3 kwa 1, akafunga pointi 11 katika dakika 12, kisha kano ya kisigino cha mguu uleule ikakatika. Sisemi la kwanza lilizaa la pili. Daktari asiyempima mgonjwa hana ruhusa ya kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kumrudisha uwanjani ulifanywa na watu, chini ya shinikizo la kufungwa. Usiku ule Bob Myers, aliyekuwa mkuu wa shughuli za mpira Golden State, alizungumza na waandishi huku akilia, akasema wa kulaumiwa awe yeye.

SHABIKI: Daktari, unamaanisha Warriors walijiletea wenyewe?

DAKTARI: Namaanisha kwamba ukisema jeraha limewaibia Warriors ubingwa, inabidi pia uulize jeraha lilitoka wapi. Timu iliyocheza fainali tano mfululizo imecheza karibu msimu mzima zaidi ya wengine. Miili hiyo ilikuwa inadaiwa.

KOCHA: Na hapo ndipo Toronto walipofanya kazi ambayo haionekani kwenye ubao wa matokeo. Walimpata Kawhi Leonard Julai 2018 akitoka San Antonio, na msimu uliotangulia alikuwa amecheza michezo 9 tu kwa sababu ya paja. Wangeweza kumtumia kila usiku ili kuuza tiketi. Wakampumzisha. Katika msimu wa kawaida alicheza michezo 60 kati ya 82. Watu walilalamika, lakini Mei ilipofika alikuwa na nguvu ambazo wengine hawakuwa nazo. Alifunga pointi 732 katika mtoano ule. Ni Michael Jordan mwaka 1992 na LeBron James mwaka 2018 tu waliokuwa wamewahi kufunga zaidi katika mtoano mmoja. Mvua huwanyeshea wote, kijana wangu, lakini anayevuna ni aliyelima mapema.

SHABIKI: Na ikinyesha mvua ya mawe kwenye shamba la jirani peke yake, aliyevuna asijisifu kwamba jirani alikuwa mvivu. Halafu tuseme ukweli kuhusu huko kulima unakokusifu. Leonard hakulelewa Toronto. Alinunuliwa kwa gharama ya DeMar DeRozan, aliyeichezea timu hiyo misimu tisa, aliyesema hadharani kwamba hataki kwenda popote. Dwane Casey alifukuzwa baada ya kushinda michezo 59, kisha akapewa tuzo ya Kocha Bora wa Mwaka akiwa hana kazi hapo. Leonard akacheza mwaka mmoja, akachukua kombe, na Julai 2019 akaondoka kwenda Los Angeles Clippers. Hiyo ni timu au ni nyumba ya kupanga?

KOCHA: DeRozan ninamheshimu, na namna alivyoondoka haikunifurahisha. Lakini timu ya DeRozan ilikuwa imetolewa na Cleveland miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, na mara mbili za mwisho kwa 4 kwa 0. Kiongozi anayeona hivyo akakaa kimya kwa sababu ya mapenzi hatimizi wajibu wake. Masai Ujiri, aliyekuwa mkuu wa Raptors, alifanya uamuzi mchungu akijua kwamba ukishindikana, jina lake ndilo litakalochafuka. Na kama unasema Toronto ilikuwa Leonard tu, angalia msimu uliofuata. Leonard hayupo, Danny Green hayupo, na Toronto wakashinda 53 na kupoteza 19. Timu ya kukodi haifanyi hivyo.

SHABIKI: Wakashinda 53, na wakatolewa na Boston raundi ya pili. Kwa hiyo bila Leonard walirudi kuwa kile walichokuwa, timu nzuri ya msimu wa kawaida.

KOCHA: Walitolewa katika mchezo wa saba. Timu iliyopoteza mchezaji wake bora bila kupata mtu wa kumrithi, na bado ikafika mchezo wa saba. Huo ni ushahidi wa upande wangu.

SHABIKI: Basi tutoke kwenye usajili, turudi uwanjani. Kabla ya kufika fainali, Toronto walinusurika Philadelphia. Tarehe 12 Mei, mchezo wa saba, 90 kwa 90, Leonard akarusha kutoka pembeni akiwa amekabwa na Joel Embiid. Mpira ukadunda mara nne kwenye ringi kabla ya kuingia. Mara nne! Ungedunda nje, mchezo ungeingia muda wa ziada, na pengine tusingekuwa na mjadala huu. Bingwa anayeokolewa na ringi, halafu anaokolewa na majeraha ya mpinzani, mimi namwita mwenye bahati.

KOCHA: Mtu huyohuyo unayemwita mwenye bahati alikuwa amefunga pointi 41 katika mchezo huo, na timu nzima ikafikisha 92. Ukiitaja midundo minne, taja na kazi iliyofanya mchezo ufike pale. Na umeruka Milwaukee. Milwaukee walishinda michezo 60 msimu ule, mingi kuliko timu yoyote. Giannis Antetokounmpo ndiye aliyechaguliwa Mchezaji Bora wa ligi. Walikuwa wazima. Waliwafunga Toronto michezo miwili ya kwanza. Kisha Toronto wakashinda minne mfululizo. Ringi haikumsaidia mtu hapo, na hakukuwa na jeraha la kulisingizia. Walimzibia Antetokounmpo njia ya kuingia ndani, Leonard akipewa jukumu la kumkaba na wenzake wakisogea kumsaidia. Kama unatafuta siku ambayo Toronto walithibitisha ubingwa wao, anzia hapo.

SHABIKI: Milwaukee nawapa, sina la kupinga. Ulinzi ule ulikuwa wa hali ya juu. Lakini anayemfunga Milwaukee anakuwa bingwa wa Kanda ya Mashariki. Ubingwa wa ligi una mtihani wake, na mtihani huo mwaka ule ulikuwa Warriors kamili.

KOCHA: Warriors wakiwa na nyota wao watatu walikutana na Toronto tarehe 12 Desemba 2018, Oakland. Durant alikuwepo. Curry alikuwepo. Thompson alikuwepo. Upande wa Toronto, Leonard ndiye aliyekosekana. Toronto wakashinda 113 kwa 93. Wiki mbili kabla, walikutana Toronto, Curry hayupo, Durant akafunga pointi 51, na Toronto wakashinda 131 kwa 128 katika muda wa ziada.

SHABIKI: Mchezo wa Desemba! Kocha, hakuna mtu anayepima fainali kwa mchezo wa Desemba. Timu zinakuwa safarini, zinajaribu mambo, zinahifadhi nguvu.

KOCHA: Nakubali, Desemba si Juni. Lakini wewe ndiye unayedai kujua nini kingetokea timu kamili ikikutana na timu kamili. Ukiutupa mchezo wa Desemba, hoja yako inabaki na nini mkononi? Heshima ya majina. Mimi nina angalau matokeo ya uwanjani.

DAKTARI: Na wewe Kocha, umeizungumzia Toronto kana kwamba uzima ulikuwa sifa yao. OG Anunoby, mmoja wa walinzi wao bora, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mwezi Aprili na hakucheza mtoano wote. Leonard mwenyewe alikuwa akichechemea dhidi ya Milwaukee. Mchezo wa tatu ulikwenda hadi muda wa ziada mara mbili, naye akacheza dakika 52. Dakika 52 kwa mtu aliyepumzishwa msimu mzima kwa sababu ya mguu. Uamuzi wa kumwacha uwanjani unatofautianaje na uamuzi wa kumrudisha Durant?

KOCHA: Unatofautiana kwa sababu Leonard hakuwa anatoka kitandani. Alikuwa amejengwa taratibu kwa miezi kadhaa ili mwezi wa Mei abebe mzigo huo.

DAKTARI: Huenda. Lakini mimi naona pande zote mbili ziliweka dau la mwili wa mtu. Toronto likawalipa, Golden State likawafilisi. Na watazamaji hatujitengi na dau hilo. Durant alipoanguka katika mchezo wa tano, sehemu ya mashabiki pale Scotiabank Arena walishangilia. Kyle Lowry na Serge Ibaka wakawapungia mikono wanyamaze. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini kelele zile zilinifundisha kitu kuhusu namna tunavyoutamani ubingwa. Kuna wakati tunautamani kiasi cha kufurahi mtu akikatika kano.

SHABIKI: Na siku ileile, Daktari, Durant akiwa ameshatolewa, Warriors waliwafunga Toronto nyumbani kwao, 106 kwa 105. Toronto walikuwa mbele kwa pointi sita zikiwa zimebaki dakika tatu na kombe linawasubiri. Curry na Thompson wakaingiza mitupo mitatu ya pointi 3. Ukiwaona wawili hao tu wakiwa wazima, walitosha kuahirisha sherehe. Sasa ongeza Durant mzima. Nani anaamini kwamba mfululizo ule unaisha vilevile?

KOCHA: Wewe unaiona timu iliyopoteza nyota wake na bado ikashinda ugenini. Mimi naona ushahidi kwamba Warriors walikuwa na nguvu ya kutosha kushinda bila Durant. Huwezi kuwa navyo vyote viwili. Ama walikuwa dhaifu mno hata kuwafunga si kitu, ama walikuwa na nguvu na kuwafunga ni heshima.

SHABIKI: Inawezekana kuwa na nguvu na bado usiwe timu ileile. Mimi sijasema Toronto waliwafunga watoto. Nimesema waliwafunga Warriors pungufu.

KOCHA: Basi tuchukue mizani yako tuitumie kwa wote. Mwaka 2015 Golden State walitwaa ubingwa dhidi ya Cleveland. Kevin Love alikuwa nje, bega lilichomoka raundi ya kwanza. Kyrie Irving alivunjika goti katika mchezo wa kwanza wa fainali. LeBron James akabaki peke yake, wakafungwa 4 kwa 2. Mwaka 2017, fainali ya Kanda ya Magharibi, San Antonio walikuwa mbele kwa pointi 23 ugenini katika mchezo wa kwanza. Mchezaji wao mkuu akarusha, Zaza Pachulia akaweka mguu chini ya mguu wake alipokuwa anatua, kifundo kikapinda, hakucheza tena. San Antonio wakapoteza mchezo ule, wakatolewa 4 kwa 0, na Durant akapata kombe lake la kwanza. Mchezaji yule aliyepinda kifundo anaitwa Kawhi Leonard. Mwaka 2018 Houston waliongoza 3 kwa 2, Chris Paul akaumia paja, wakaenda mapumziko wakiwa mbele katika michezo yote miwili iliyobaki, wakakosa mitupo 27 mfululizo ya pointi 3 katika mchezo wa saba, na Warriors wakapita. Makombe matatu hayo ya Warriors, ulisema ni ya nusu?

SHABIKI: Sikusema. Na sitakwepa: swali hilo linaniuma. La Houston linabishika, kwa sababu Iguodala naye hakucheza michezo minne ya mwisho ya mfululizo ule. La Cleveland halibishiki. Kombe la 2015 lina doa, na kuanzia leo nitakuwa nalisema. Lakini doa la mtu mwingine halifuti doa lako. Toronto walifaidika kwa wachezaji wawili wa juu kuumia ndani ya fainali yenyewe, mmoja mchezo wa tano, mwingine wa sita, na bado mchezo wa sita waliushinda kwa pointi nne tu.

KOCHA: Tuuangalie huo mchezo wa sita, maana ndio unaoamua. Tarehe 13 Juni, Oracle Arena, usiku wa mwisho wa Warriors katika uwanja ule. Danny Green alimfanyia Thompson madhambi alipokuwa anaruka kudanki, akatua vibaya. Alikuwa anaelekea vyumbani, akarudi, akapiga mitupo huru miwili na yote ikaingia, kisha akatolewa. Huo ni ushujaa na ninauheshimu. Robo ya tatu ikaisha Warriors wakiwa mbele, 88 kwa 86. Sikiliza vizuri: mbele. Dakika 12 zimebaki, wako nyumbani, wana Curry, wana Draymond Green, na Iguodala usiku ule alifunga pointi 22. Toronto wakashinda robo hiyo 28 kwa 22. Na hawakuishinda kwa Leonard. Fred VanVleet, ambaye mwaka 2016 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, alifunga pointi 12 katika robo ile ya nne. Lowry alimaliza na 26, Siakam 26, Leonard na VanVleet 22 kila mmoja. Kombe lilishikwa na mikono mingi.

SHABIKI: Na sekunde za mwisho, 111 kwa 110, Curry alirusha mpira ambao ungewapa Warriors uongozi. Haukuingia. Alikuwa amekabwa na ulinzi wote, kwa sababu hakukuwa na Thompson upande wa pili wa kuogopwa. Ukitaka kuona pengo la Thompson lilipo, liangalie hapo. Walinzi wa Toronto walijua mpira utakwenda kwa nani.

KOCHA: Walijua, na bado ilibidi wamzuie. Kumzuia Curry kwenye mtupo wa mwisho si jambo la kupewa. Tangu mchezo wa pili kocha wa Toronto, Nick Nurse, alikuwa amewapanga wanne wakilinda maeneo, na VanVleet akimfuata Curry peke yake kila anapokwenda. Ulinzi huo huuona zaidi kwenye mashindano ya shule, mara chache sana kwenye fainali ya NBA. Alikuwa na ujasiri wa kuutumia mbele ya dunia nzima. Hiyo ni akili ya ukocha, na akili nayo hustahili kombe.

DAKTARI: Kocha, nikuulize jambo bila kukuudhi. Tangu mwanzo unaitetea Toronto kwa moyo wote. Ni hesabu tu, au kuna jingine?

KOCHA: Kuna jingine, na sitalificha. Timu ile iliundwa na Ujiri, ambaye baba yake ni Mnigeria, mama yake Mkenya, na amekulia Zaria. Siakam alitoka Douala, alianza kikapu akiwa kijana mkubwa, akaonekana kwenye kambi ya Basketball Without Borders Afrika Kusini mwaka 2012. Ibaka alitoka Brazzaville. Kabla yao, mwaka 2016, Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliisaidia Toronto kufika fainali ya Mashariki kwa mara ya kwanza. Nikisimama mbele ya vijana ninaowafundisha kwenye uwanja wa saruji uliopasuka, nina mifano ya kuwaonyesha. Timu ya kwanza ya nje ya Marekani kutwaa ubingwa wa NBA ilijengwa na mtu mwenye damu yetu. Kijana anayeambiwa kombe hilo ni la bahati anaambiwa pia kwamba njia hiyo haipo.

SHABIKI: Undugu si ushahidi, mwalimu wangu. Mimi pia nilifurahi kumwona Ujiri na lile kombe. Lakini ukimfundisha kijana kwamba kila ushindi wa mtu wetu lazima utetewe hata kwa kufumba jicho, umemfundisha vibaya. Mwambie ukweli wote: Ujiri alijenga timu imara, timu hiyo ikawafunga Milwaukee wazima, kisha ikakutana na bingwa aliyejeruhiwa na ikafanya kilichopaswa kufanywa. Hadithi hiyo haimvunji moyo mtu.

KOCHA: Hadithi hiyo naikubali neno kwa neno. Sasa nionyeshe, ndani ya hadithi hiyo uliyoisema wewe mwenyewe, ni wapi Toronto hawakustahili.

SHABIKI: Sijasema wanyang'anywe. Walishinda kwa sheria, kwa akili na kwa jasho, kombe ni halali yao. Kutostahili ninakokusema ni kule kwa kuitwa bora kuliko Warriors. Hilo halikuthibitishwa.

KOCHA: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Unachodai hakiwezi kuthibitishwa na timu yoyote. Warriors walio kamili kichwani mwako hawachoki, hawaumii, hawakosi mtupo. Timu isiyoingia uwanjani haiwezi kufungwa, na kwa sababu hiyohiyo haiwezi kudai kwamba ingeshinda.

SHABIKI: Na anayemfunga mtu asiyekuwepo asidai kwamba alimfunga. Nimekubali kushindwa, Kocha. Nisichokubali ni kusahaulishwa namna tulivyoshindwa.

DAKTARI: Basi nawauliza nyote wawili swali moja kabla hatujaachana. Wewe Shabiki, Warriors wangemzuia Durant asicheze mchezo wa tano, wakafungwa 4 kwa 1, na kisigino chake kikabaki kizima, ungewapongeza? Na wewe Kocha, Toronto wangemtoa Leonard alipoanza kuchechemea dhidi ya Milwaukee, wakapoteza mfululizo ule, ungewaita wenye hekima au waoga?

SHABIKI: Leo nikijua Durant alipoteza msimu mzima wa 2019-20, na Thompson misimu miwili mizima, ningewapongeza. Usiku ule, wakati tuko nyuma 3 kwa 1, nakiri nilikuwa nataka acheze.

KOCHA: Ningewaita waoga. Na ningekosea.

DAKTARI: Basi deni la miili hiyo halikuwa la makocha na mameneja peke yao. Sisi tunaouliza nani alistahili ndio tunaowasukuma wacheze wakiwa wameumia, halafu tunarudi kulalamika kwamba ushindi umechafuliwa na majeraha.

SHABIKI: Naupokea mzigo huo, Daktari. Lakini unanithibitishia hoja yangu. Kila kombe la 2019 likitajwa, litajwe na goti la Thompson na kisigino cha Durant. Silitaki kombe. Nataka historia iandikwe kamili.

KOCHA: Iandikwe. Na mwandishi akimaliza goti la Thompson, aandike goti la Irving, bega la Love, kifundo cha Leonard na paja la Paul, kila moja mbele ya kombe lake. Akifika mwisho wa orodha, mwulize akutajie bingwa mmoja wa miaka ile ambaye kombe lake halikupita juu ya mwili wa mtu aliyeumia. Akimpata, nitakuwa wa kwanza kukubali kwamba Toronto hawakulistahili.